Nilivyomwombolezea Mzee Gaspari Akiwa Amekaa Mbele Yangu

Kuna watu kule Kibenga ambao mpaka leo wakiniona wanajishika kifuani na kuniuliza kama bado wako hai, na mimi nacheka nao, maana nitafanya nini. Mtu akishafanya aibu mbele ya wageni mia mbili na kamera mbili hana pa kujificha, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, ambao wameongeza chumvi (wapo wanaosema nilileta na jeneza, jambo ambalo si kweli).

Baba yangu ni Mzee Melkiori wa Musaga. Kama umewahi kualikwa kwenye sherehe ya kuomba mchumba hapa Bujumbura utakuwa umemsikia, kwa sababu yeye ni msemaji, yaani yule mtu ambaye familia inamweka mbele kuzungumza kwa niaba yake, wazazi wenyewe wakikaa kimya na vinywaji vyao, huku wasemaji wawili, wa upande wa mvulana na wa upande wa msichana, wakirushiana mafumbo na matani mpaka binti atolewe. Katika kazi hiyo baba hana mwenzake. Watu wanapanga tarehe ya harusi kufuatana na nafasi yake, na nimewahi kumsikia mama mmoja sokoni akisema heri padri akose kuliko Melkiori akose.

Sasa fikiria wewe ndiye mtoto wake, na wewe pia unataka kuwa msemaji. Mchana nauza vifaa vya ujenzi, misumari na rangi, lakini kwa miaka minne nilikuwa nimesema kwenye sherehe ndogondogo, zile ambazo baba hakupata nafasi, na kila nikimaliza mtu ananishika bega na kuniambia, "Umejaribu, Dona, lakini muzee wako..." halafu anatikisa kichwa tu na kwenda kuchukua brosheti ya nyama ya mbuzi. Sijawahi kusikia mwisho wa sentensi hiyo. Nilitaka siku moja tu, moja, watu watoke wakinitaja mimi.

Basi rafiki yangu Egide akaja dukani. Tulisoma wote Musaga, ni mtu mpole, wa kuomba samahani hata akikanyagwa yeye.

"Dona," akasema, "mi naomba uniongeleshee papa wako. Tunaenda kuomba Nadine kwao Kibenga, samedi, iyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nataka anisemee yeye."

Jibu lilikuwa neno moja, ndiyo, na leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Papa wameisha kumuchukua iyo siku," nikamwambia, na wala sikuwa nimemuuliza. "Lakini usiogope, nitakusemea mi."

Egide akaangalia makopo ya rangi. "Ni muzuri," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeomba nyama akaletewa maharage.

Nikaona ile sura, nikaapa kwamba safari hii sitabahatisha. Kwenye simu za watu kulikuwa na hotuba moja ya baba, aliyoitoa Gitega kwenye nyumba ya mama mjane, hotuba ambayo wanawake walilia na binti akatolewa bila ubishi wowote. Katikati yake baba alimtaja marehemu mwenye nyumba, akawaomba watu wote wasimame kumkumbuka kwa dakika moja, na ukimya ule hata kwenye simu unaweza kukusisimua. Nikaikariri hotuba nzima, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, nikiitoa mbele ya makopo ya rangi asubuhi kabla wateja hawajaja. Ile sehemu ya marehemu nilijua wazi kwamba nitairuka, kwa sababu baba yake Nadine, Mzee Gaspari, yupo. Tena alikuwa ndio kwanza ametoka hospitali, alikolazwa wiki tano. (Mimi si mjinga kiasi hicho. Nilipanga kuruka. Naomba hilo liandikwe mahali.)

Jumamosi ikafika. Tukaingia kwa mstari katika uwanja wao Kibenga, maturubai mawili yanatazamana, nimefunga shuka langu begani, nimeshika fimbo ya kuazima. Tukakaribishwa, tukakaa. Ndipo nikainua macho nimwone msemaji wa upande wa pili, ambaye ningepambana naye.

Alikuwa baba.

Amekaa kando ya Mzee Gaspari, fimbo magotini, anakunywa Fanta polepole. Msemaji wa kweli, hiyo ni desturi ya kazi, hasemi hata nyumbani kwake Jumamosi hii anamsemea nani, asije akavujisha siri za familia, kwa hiyo mimi sikujua lake na yeye hakujua langu. Uongo niliomwambia Egide, kwamba baba ameshachukuliwa, ulikuwa ukweli mtupu, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikitika kwamba sikudanganya.

Nikapewa mikro, kile kipaza sauti. Kichwani hamkuwa na kitu. Nikafungua mdomo na hotuba ya Gitega ikaanza kutoka yenyewe (kwa Kirundi kile cha ndani, mimi hapa nawapa kwa Kiswahili), tulivyofuata nyayo za ng'ombe wetu, tulivyovuka mito, na watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Nikafika pale ambapo baba, Gitega, alikohoa mara mbili. Nikakohoa mara mbili. Ng'ambo nikamwona baba anashusha Fanta yake chini, taratibu, na kunitazama kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na jirani.

Macho yale ndiyo yaliyonimaliza. Pa kuruka pakafika, nikapaona, nikapapita bila kuruka.

"Lakini furaha yetu ina pengo," nikasikia sauti yangu ikisema, "maana mwenye nyumba hii, aliyemlea huyu binti, hatunaye tena. Naomba tusimame sote, tumkumbuke kwa dakika moja."

Sisi Warundi ukituambia tusimame kwa ajili ya marehemu, tunasimama kwanza, maswali baadaye. Wageni mia mbili wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Na Mzee Gaspari naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akashika mkono wa kiti, akajiinua kwa taabu, akainamisha kichwa. Tukakaa kimya. Mimi nilikuwa tayari nimeelewa nilichofanya, lakini unaikatizaje dakika ya ukimya? Zilipita kama sekunde ishirini hivi, ndipo yule mzee akainua kichwa na kumuuliza jirani yake, pole pole, ila uwanja wote ulisikia.

"Ni nani alikufa?"

Hakuna aliyecheka. Mama yake Nadine alikuwa amemuuguza mumewe wiki tano, na sasa wakwe wamekuja kumtangazia kifo mbele ya ukoo mzima. Akachukua mkoba wake. "Wanatutabiria," akasema, "hawa watu wamekuja kututabiria," akaelekea ndani. Mashangazi wawili wakamfuata. Mjomba wa Egide akaninong'oneza, "Dona, umetuuwa sisi wote." Egide alikuwa anautazama mlango ambao Nadine alitakiwa kutokea, na mimi nilitamani ardhi inimeze, nasema kweli, maana kuaibika ni kwangu lakini mke alikuwa wake.

Baba akasimama. Hakuharakisha, hajawahi kuharakisha.

"Wageni," akasema, "tumesikia, na tunashukuru kwa rambirambi. Huu musiba sisi wenyewe hatukuwa tunaujua." Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. "Ila kwetu, mwenye kuleta habari ya kifo, yeye njo anabeba maiti. Muzee Gaspari, uko na kilo ngapi?"

Mzee Gaspari akafikiri. "Mbele ya kuingia hospitali nilikuwa na mia na tatu."

"Mama arudi," baba akasema, "mama aje aone mume wake anafufuka. Ninyi wa Musaga, mubebe."

Basi tukambeba. Mimi, Egide na suti yake, mjomba wake na binamu mmoja, tukainua kiti na Mzee Gaspari juu yake, kama wagonjwa na wazee walivyobebwa zamani milimani, tukamzungusha uwanja mzima mpaka getini na kumrudisha, shuka langu linafunguka, jasho linaingia machoni, na yeye huko juu akipunga mkono kushoto na kulia. Tulipomtua, mama Nadine alikuwa amesimama mlangoni anajifuta machozi, na nilipomwangalia vizuri nikaona ni ya kucheka.

"Ameisha kufufuka," baba akasema. Kisha akanigeukia, na sauti ikabadilika. "Kijana, yale maneno ni yangu, niachie. Sasa omba na yako."

Yangu sikuwa nayo. Nilikuwa na pumzi fupi na fimbo ya mtu. Nikasema nilichokijua tu.

"Mzee Gaspari," nikasema, "ulipokuwa hospitali, kila asubuhi ulikuwa unaletewa termosi ya supu ya samaki, mukeke wa ziwani. Aliyekuwa anaamka saa kumi kuipika ni Egide. Alikuwa anampa Nadine getini na kurudi, kwa sababu hamkuwa mmemjua bado, na aliona haya. Mimi ni rafiki yake, nilimwambia aingie, akakataa. Ndiyo hayo tu ninayoyajua. Tunaomba mtupe Nadine."

Mzee Gaspari akamgeukia Egide. "Ile yenye ndimu?"

"Ndiyo, papa," Egide akasema, shingo chini.

"Mi nilizania ni dada yangu. Nikawa najiuliza, tangu lini anajua kupika." Dada yake, aliyekuwa pale pale, akamtandika kwa kanga, na watu wakacheka hasa. Mzee akamwambia baba, "Melkiori, usiwasumbue tena. Waite mutoto atoke."

Jioni, jua bado lipo, nilirudi na baba kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, tumebanana na fimbo zetu. Nilingoja anikaripie. Tulipoanza kupanda kuelekea Musaga nikashindwa kuvumilia, nikamwambia naomba radhi, papa, nimekuibia hotuba yako, tena ile bora kuliko zote, na pale penye ukimya pamenishinda, wewe ulipaweza.

Baba alikuwa anatazama nje.

"Dona," akasema, "pale Gitega nilikuwa nimesahau maneno. Nilisahau yote, hata jina la mvulana. Nikawasimamisha watu ili nipate kukumbuka."

Miaka yote minne nilikuwa nimeukimbilia ukimya ule, nikidhani ndipo ulipo ukubwa wake, kumbe mle ndani alikuwa baba yangu peke yake, anatetemeka kama mimi. Nilimshika mkono, jambo ambalo hatuna mazoea nalo, naye akauacha ushikwe mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo sijakariri neno la mtu, hata la mtakatifu. Bado naitwa kwenye sherehe, chache, na bado wapo wanaosema muzee wako angefanya hivi na hivi. Nawaambia ndiyo, angefanya. Ila kabla ya kushika mikro nazunguka kwanza upande wa wakwe, nawapa mkono mmoja mmoja, baba, mama, babu, bibi, nikihakikisha kila mkono una joto.