Wamekwisha Nini?

Majina ya wote waliokuwa barazani kwetu alasiri ile ninayo kichwani mpaka leo, nani alikaa mkeka upi, nani alikuja na fimbo. Siyaandiki, maana wajukuu wao ndio majirani zetu, na aibu ninayotaka kuisema hapa ni yangu peke yangu.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa Tana, chini ya Kulesa, mwendo wa asubuhi moja mpaka Garsen. Baba alilima mpunga na ndizi na mahindi kidogo, kama watu wote. Miaka hiyo ya hamsini serikali ilitaka kujua mto unapanda vipi na kushuka vipi, basi akaja mzungu akasimika mti karibu na pale tulipoteka maji. Mti wenyewe ulipakwa rangi nyeupe, ukaandikwa namba nyeusi toka chini mpaka juu. Akamwomba baba ausome kila asubuhi. Baba namba hakuzijua. Mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili kwa wamisheni pale Wema, mpaka mama aliposema imetosha, kwa hiyo kazi ikawa ya baba kwa jina na yangu kwa miguu. Kukicha nashuka, naangalia maji yamefika namba gani, naandika kwenye daftari. Kila Alhamisi mzungu anakuja na Landrova kunakili nilichoandika. Watu wakamwita Mzungu wa Mti.

Alikuwa mwembamba, umri wake thelathini na kitu, lakini mvi zilikuwa zimeshamjaa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha walichofundishana wao kwa wao huko Nairobi. Siku ya kwanza aliniambia, "Leta maji, upesi."

Nikamjibu, "Hapa kwetu mtu husema naomba maji. Na upesi ya nini, kwani mto unahama?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope na suruali yake. Tangu siku hiyo akaniita mwalimu.

Nami nikamfundisha kweli. Nilimfundisha kwa vitu tulivyokuwa navyo mbele yetu. Kopo la sukari likiwa tupu, sukari imekwisha. Majani ya chai, yamekwisha. Kiberiti, kimekwisha. Alilipenda sana neno hilo, akisema kichwa kinabadilika, mkia ni ule ule. Akawa akifika tu, kabla hata ya salamu, ananionyesha mfuko wake wa tumbaku: "Mwalimu! Imekwisha!" Sijui ni Alhamisi ipi nilianza kushuka mtoni nimejifunga leso mpya. Mama aliona kabla yangu. Akaniambia, "Huo mti unasomwa na macho au unasomwa na leso?"

Siku moja Muorma mmoja alileta ng'ombe wake kunywa, akamkuta mzungu amekunja mikono ya shati akinawa. Akauona mkono wa kushoto. Ulikuwa na namba, ndogo ndogo, za rangi ya bluu iliyochujuka, zimeingia ndani ya ngozi.

"Bwana," akasema yule mchungaji, "hii chapa ya nani? Mimi wangu nawachoma ubavuni. Wewe bwana wako alikuchoma mkononi?"

Mzungu akashusha mkono wa shati, akaufunga kifungo. Mchungaji alipokwenda na ng'ombe wake nikamuuliza, maana nilikuwa mtu wa kuuliza. Tukakaa ukingoni mpaka kivuli kikatuhama, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ni yale tu niliyompa mimi. Akasema huko kwao Ulaya, wakati wa vita, askari walipita nyumba hadi nyumba kuwakusanya watu wa dini yao, wakawapakia kwenye treni kama mizigo. Yeye alikuwa kijana mwenye nguvu, wakampiga namba, wakamweka afanye kazi.

"Na wenzako?" nikamuuliza. "Mama?"

"Amekwisha."

"Baba?"

"Amekwisha."

Mimi nikaendelea. Kwetu ukoo ni mrefu, nikaona lazima kuna mahali utashika. "Mjomba? Shangazi? Watoto wa shangazi?"

"Amekwisha. Amekwisha. Wamekwisha."

Nikamwambia, kama mwalimu, "Kwa mtu husemi amekwisha. Sema amekufa."

Akatikisa kichwa. "Kufa ni moja moja. Hawa, wamekwisha."

Sikumsahihisha tena. Akanitajia majina yao, dada zake wawili na mtoto wa kaka yake ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, nami nikayashika kama ninavyoshika majina yote. Siku hiyo ndiyo alinishika mkono mara ya kwanza. Nilimwacha aushike.

Baada ya miezi kadhaa alikwenda mwenyewe kwa baba, shambani, akasema anataka kunioa. Akasema atasilimu. Mungu ni mmoja, alisema, hilo amelijua tangu mdogo, na nguruwe hajala maisha yake. Hilo la nguruwe lilimpendeza baba sana, kwa sababu mzungu mwingine wa Garsen alikuwa akipiga nguruwe mwitu na kuning'iniza mapaja yake hadharani. Jikoni nako shangazi zangu wakapata la kuongea.

"Ametahiriwa?" shangazi mdogo akauliza.

"Watu wa dini yao hutahiriwa," nikasema, neno likanitoka mdomoni.

"He! Na wewe umeyajulia wapi?"

Wakacheka wakishikana mabega, mimi nikainama kwenye sufuria. Kicheko kile kilinitia hofu, na ningependa msomaji akikumbuke, kwa sababu kilichofuata kilitoka hapo. Msichana wa kwetu aliyejua habari za mwanamume alikuwa ameuliza na kujibiwa, na kuuliza na kujibiwa kunataka mahali pa kukaa wawili.

Baba hakukataa. Mjomba wangu mkubwa ndiye aliyekataa, akihofia kumuudhi bwana DC. Lakini baba akasema mbele yetu wote, "Posa ni watu. Akileta hata mzee mmoja wa kumsemea, mmoja tu, nitampa. Asipokuwa na wa kumsemea nitajuaje nampa nani binti yangu?"

Basi akaitwa aje baada ya sala ya alasiri. Alikuja peke yake. Dereva wake alibaki Garsen. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa na jua lile, kitambaa kimemgandia mgongoni. Wazee walikuwa wamejaa barazani. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa makuti, na mimi nilikuwa nimekaa katikati ya mama na shangazi, nikimwona kwa tundu.

Wakasalimiana, wakanywa kahawa. Kisha mjomba akauliza, kwa adabu tu, "Wazee wako watakuja lini?"

Mzungu akasema, "Wamekwisha."

Wazee wakatazamana. Mmoja akageuka kutazama njia. "Wamekwisha kuja? Basi mbona hatujawaona? Wako wapi?"

"Hapana kuja. Hawako. Wamekwisha."

"Wamekwisha nini?" mjomba akasema. "Maliza neno lako, bwana. Wamekwisha kula? Wamekwisha kulala?"

Wakaanza kucheka, si kwa ubaya bado. Walizoea Kiswahili cha kukatika. Hata wao Kiswahili hawakuzaliwa nacho, nyumbani tulisema Kipokomo. Walikuwa wakingoja neno la pili. Hakuna hata mmoja barazani pale ambaye angeweza kufikiri mzungu hana watu. Wazungu ndio waliokuwa na watu, na meli, na serikali.

Mzungu akawa anatafuta neno. Nilimwona akilitafuta. Nilikuwa nimempa lile *amekufa* pale ukingoni, lakini lilikuwa limempotea, au hakulitaka. Akafungua mikono yake mitupu kama anavyofanya mtu aliyekuta kopo la sukari tupu, akarudia, "Wote. Wamekwisha."

Ndipo mjomba akapiga paja. "Nimelipata! Jamani, nyinyi hamjauona mkono wake? Ana namba. Wale mahabusu wa kambi ya Hola wana namba. Huyu ni mfungwa wa kwao. Watu wake wamekwisha kumfukuza!"

Baraza lote likaangua kicheko. Shangazi mdogo akajiziba mdomo na leso. Baba peke yake hakucheka. Akageuza uso kwenye ukuta wa makuti, akaniita kwa jina, mbele ya watu, jambo ambalo baba hafanyi.

"Mwanangu, wewe ndiwe unayesoma naye ule mti. Maneno yake unayazoea. Anasema wamekwisha nini?"

Kicheko kikakatika. Nikaona mzungu ameinua kichwa kutazama makuti, na uso wake umepata nafuu, kama mtu aliyeona mwenyeji wake amefika. Mzee mmoja wa kumsemea, baba alisema. Alikuwa akinitaka mimi niwe huyo mzee.

Nilikuwa na kila neno. Na majina pia nilikuwa nayo. Shangazi akanigeukia pole pole, jicho moja limefinywa, ananisubiri, na mimi nikafikiri, nikisema, wataniuliza nimeyasikia wapi. Wataniuliza tulikaa muda gani. Wallahi sikufikiria kingine. Watu wa mtu wameuawa wote, na mimi nahesabu shangazi ataniitaje.

Nikasema, "Sijui, baba."

Mzungu akangoja kidogo, pengine akidhani nitaongeza. Kisha akasimama, akawapa wazee mkono mmoja mmoja, hata mjomba, akaenda zake.

Kama ningeishia hapo labda ningeweza kujisamehe. Lakini neno lile lilishika kijiji kizima. Asubuhi ya pili pale mtoni msichana mmoja akauliza kama zamu ya kuteka imekwisha, mwenzake akadakia, "Imekwisha kumfukuza!" Wakajitupa kwa kucheka. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wao, ili waone sina langu pale. Nilipogeuka kuinua mtungi nikamwona mzungu amesimama kando ya mti wake na daftari mkononi. Alikuwa amekuja mapema, si Alhamisi. Akasoma namba mwenyewe, akaandika mwenyewe. Akapita karibu nami akasema, "Asante, mwalimu," bila hasira, na hilo la bila hasira ndilo lililobaki. Kabla ya mwezi kwisha tukasikia ameondoka Garsen.

Mvua za mwaka uliofuata alikuja mzungu mwingine wa kupima maji, na mpishi wake mtu wa Kipini, msemaji sana. Baba akampelekea ndizi, akamuuliza habari za yule wa kwanza. Mpishi akashangaa. "Kwani hamkujua? Yule maskini ukoo wake wote uliuawa kule Ulaya. Waliua watu wa dini ile kama wanaua nzige, wazee na watoto. Alibaki yeye tu."

Baba alirudi nyumbani akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Sijawahi kumwona akikaa vile. Akaniambia, "Tulimcheka mfiwa. Alikuja nyumbani kwangu kunipa tanzia na tukamcheka." Halafu akaniangalia, polepole, kama anayetaka kuokolewa. "Mwanangu, siku ile ulikuwa hujui kweli?"

Mara ya pili nilipewa nafasi. Mama hakuwepo, shangazi hakuwepo. Wakati huo nilikuwa nimeshaposwa na mtu wa Kilelengwani, mtu mwema niliyeishi naye baadaye mpaka akafa, na sikutaka neno lolote la kuchokoza mambo.

"Sikujua, baba."

Akatikisa kichwa. "Basi lawama ni yangu. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Ijumaa yake akachinja mbuzi, akaita watu baada ya sala waje wawaombee marehemu. Wengine wakanung'unika chini chini kwamba marehemu wenyewe si wa dini yetu, lakini wakaja, walimheshimu. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamuuliza, "Mzee, tunawaombea kina nani?"

Baba akasema, "Wakwe zangu."

Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakucheka mtu. Mjomba aliinamisha kichwa mpaka kofia ikadondoka na hakuiokota. Mwalimu akauliza kama wana majina. Baba akasema hayajui, Mwenyezi Mungu anayajua, waombeeni tu.

Wakainua mikono. Mimi nikawapitishia vikombe kuanzia upande wa kulia, nikahakikisha kila mmoja amepata.