Fimbo ya Bwana na Mtali wa Dada

Harufu ya madini ya risasi yakiyeyuka hukaa kooni kama senti uliyoimumunya. Hata leo nikiipata, huziba pua. Msimu mmoja wa miaka ya hamsini ilijaa kwenye karakana ya baba, chumba cha chini cha nyumba yetu Mji Mkongwe, ambacho siku zote kilinukia makaa tu, maana baba alikuwa sonara. Dada yangu Zuwena alikuwa akikaribia kuolewa, na baba alikuwa akimfulia mwenyewe mitali miwili ya fedha ya kuvaa miguuni, yenye njuga. Kwetu bibi harusi husikika miguu kabla hajaonekana uso.

Ndipo akaja bwana mmoja wa serikali, mwenye kauli juu ya leseni za maduka, na fimbo yake ya gofu, ile ya kusukumia mpira taratibu mpaka shimoni. Aliiona nyepesi. Baba akakitoboa kichwa cha fimbo, akamimina risasi, akakipiga tupa. Bwana akaenda kuijaribu kiwanjani Mnazi Mmoja, akarudi: nzito. Baba akaikwangua risasi, ikawa nyepesi tena. Kila akija huweka kiatu chenye matope juu ya mkeka tunaolia chakula. Nilimchukia mpaka malaika, vile vinyweleo vya mikono yake. Mtu mzima, ameshiba, anahangaishwa na kijipira, na sonara mzima anamnyenyekea. "Mwenye nguvu mpishe," baba alisema kila mama aliponuna.

Wiki ya harusi, mtali mmoja ulikuwa tayari. Bwana akaja mbio, ana mashindano jioni ile, akamsimamia baba kichwani. Chungu cha kuyeyushia risasi kilikuwa kimepasuka, na baba kwa kubabaika akaiyeyusha ndani ya chungu cha kuyeyushia fedha. Kila sonara anajua kwamba chembe ya risasi huifanya fedha ivunjike. Alikisugua baadaye, akasema kimetakata. Kesho yake akayeyushia humo fedha ya mtali wa pili, na alipoukunja, ukakatika kama biskuti, na fedha nyingine haikubaki.

"Baba Zuwena, kwani ulikuwa ukimfulia nani?" mama alimuuliza. Jirani alituletea mitali ya kuazima, Zuwena akaikataa. "Ntavaa huu alonifulia baba," akasema. Na asubuhi ya harusi yenyewe bwana akarudi na fimbo yake. "Fundi, punguza kidogo tu." Kinachonitia kichefuchefu kuliko ile harufu ni kwamba baba aliipokea kwa mikono miwili.

Siku hizi wajukuu wa Zuwena hukimbizana Mnazi Mmoja, wala hawajui kama palikuwa na mashimo ya gofu. Nikisikia watu wakisema enzi zile palikuwa na ustaarabu, hutema mate. Fimbo ilipimwa na kupimwa tena mpaka ikamkaa bwana mkononi, na dada yangu akaingia kwa mumewe mguu mmoja unalia, mmoja kimya.