Nyangwine Hakumtoa Gati Kafara

Gati alikwisha kuzikwa, lakini mumewe, mzee Nyangwine wa Kemambo, alikuwa bado na nywele kichwani. Katika ukoo wao mfiwa hunyolewa na watu wa upande wa marehemu. Asiponyolewa, msiba haujaisha, na hakuna wa kula naye.

Waitara, mdogo wake Gati, alikuja na wembe, akakataa kuufungua.

"Shemeji, tusizungukane. Shimo lako lilianza kutoa dhahabu wiki ile ile dada alipoanza homa. Umelala naye, umemlisha, umekula makombo yake. Hata chafya hukupiga! Watu wanasema ulimtoa kafara."

Dhahabu! Vipunje vile viliishia kwenye duka la dawa, kwa ajili ya Gati.

Nesi Stefania, mgeni kutoka Bukoba, ndiye aliyewatoa damu mke na mume, akaipeleka maabara kubwa. Akaomba kusema.

"Virusi vilivyomuua Gati huingia kwa kushika sukari zilizo juu ya chembe za mwili, kama mtu anavyoshika kitasa. Mwilini kuna kimeng'enya, kama fundi, kinachozipachika hizo sukari. Cha mzee ni kidhaifu tangu kuzaliwa. Virusi vilikosa pa kushika."

"Sukari?" mmoja akadakia kutoka nyuma. "Basi leo tunywe chai ya chumvi!"

Wakacheka. Msibani.

Nyangwine akasimama.

"Asante, nesi. Lakini hicho kimeng'enya nimekisikia leo. Nilipokuwa namlisha sikukijua. Nilijua nakufa naye."

Akamgeukia Waitara. "Dada yako alipokuita, ulisimama wapi?"

"Pale kwenye ua wa minyaa."

"Hukuingia kwa nini?"

"Niliogopa kuambukizwa."

"Kumbe ulijua ni ugonjwa! Uji ukamsukumia kwa fimbo, kama mbwa. Alipokuwa hai ulikuwa ugonjwa. Amelala chini, umegeuka kafara?"

Waitara akafungua wembe.

"Yaishe, shemeji. Kaa nikunyoe."

"Sikai. Uliniita muuaji mbele ya watu. Waambie kwanza."

"Shemeji hakumtoa dada kafara," Waitara akanong'ona.

"Hata kuku hawajasikia."

Waitara akarudia, mishipa ya shingo imemsimama, mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakaacha kusonga ugali.

Ndipo Nyangwine akaketi, akainamisha kichwa.