Suruali Aliyoifua Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, huko kwetu karibu na Litein, nilimkuta baba mtoni akifua suruali yake. Baba hakuwa mtu wa kushika sabuni. Maji yaliyonifikia miguuni yalikuwa na wekundu.

"Chebet, hukuona kitu," akaniambia.

Nikasema sawa.

Kogo, mamake baba, aliona tu mwanawe akikonda na kushika tumbo. Jibu alikuwa nalo: jicho baya. Jirani yetu Mama Kiprono alikuwa amepita baba akinywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akamtazama. Dawa ya jicho ni mwenye jicho akutemee mate, basi akaitwa. Baba alifungua shati mbele yetu sote, wakubwa kwa watoto, akatemewa tumboni bila kuona haya.

"Nimetema kwa sababu mmeniita," Mama Kiprono alisema akijipangusa mdomo. "Lakini mimi sina jicho. Huyu mzee apelekwe hospitali."

Kogo alimfukuza. Baba akasema ni tumbo tu, na tayari anasikia nafuu. Mimi niliyejua nilinyamaza. Tulimzika kabla sijamaliza darasa la sita.

Nilimkasirikia Kogo miaka mingi. Siku hizi naona lile jicho lilimfaa baba, maana lilimruhusu kuugua bila kusema damu ilikotoka. Kutemewa mate hadharani aliweza. Kuvua suruali mbele ya daktari hakuweza, na aibu hiyo ndiyo iliyomuua.

Mwezi uliopita nilimtembelea ndugu yangu Kipngeno. Mkewe alikuwa akimsifu.

"Huyu bwana amebadilika! Siku hizi anajifulia suruali mwenyewe."

Tulicheka wote. Kisha nikaiona kwenye kamba, suruali moja peke yake, na kicheko kikaniisha.

Baadaye nilimfuata Kipngeno shambani kwenye majani chai, nikamuuliza waziwazi kama anaona damu akienda choo.

"Ni tumbo tu, dada. Wacha hiyo maneno."

"Kesho tunaenda hospitali Kericho."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nimeona."

Alinikasirikia hadi asubuhi, lakini tulienda. Daktari alipouliza ilianza lini, sikumjibia Kipngeno. Akasema mwenyewe, "Tangu Krismasi."

Majibu bado tunayangoja, na ninaogopa sana. Lakini safari hii sikusema sawa.