Petroli ya Mjomba

Bora mnisikie mimi kabla hamjasikia kwa bodaboda wa Kasulu. Niliifungia Corolla yangu bomba la kuvuta hewa ya baridi, mdomo wake ukakaa mbele kabisa, nyuma ya grili. Kisha fundi akachomeka kompyuta yake, akaiseti injini upya ili iwe na nguvu. Wiki nzima niliwaeleza habari za hewa watu ambao hawakuniuliza.

Basi nikaombwa nimpeleke bibi harusi kanisani Muyama. Mjomba wake, mzee mpole wa Mabamba, alichangia dumu la petroli. Akina mama wakafunga kitambaa cheupe kwenye boneti. Mimi ndiye niliyewaambia waache ncha ndefu ining'inie mbele, ipeperuke nikikimbia.

Kwenye mlima wa kwanza nikakanyaga mafuta ili abiria wangu waone tofauti. Gari likakohoa, likazima. Nikawasha, likazima tena. Msafara wote ukasimama nyuma yetu, mjomba na akina mama wakashuka.

Nikashuka na kutangaza, bibi harusi akisikia, kwamba petroli ya mjomba ina maji.

"Mzee, shikamoo yako naiheshimu," nilisema, "lakini injini hii haijazoea vitu vya Mabamba."

Mjomba alisogea karibu. Aliinama mbele ya gari, akapenyeza mkono kwenye grili, akaanza kuvuta polepole. Kitambaa kikatoka bombani, chekundu kwa vumbi, kirefu kuliko nilivyotamani. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole uleule, "maji yenyewe ndiyo haya?"