Kisanduku Kisicho na Kitufe

Jirani yangu alipoacha kupiga kelele, nilinunua kelele. Hivyo ndivyo mgahawa wangu wa hapa Songea ulivyopata muziki wa mtandao, ingawa mtu akiniuliza huwa namjibu kwamba ni kwa ajili ya wateja.

Mimi situlii. Nikikaa, mguu unacheza. Nikisimama, mkono unatafuta meza ya kufuta hata kama imeshafutwa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kulala na mimi ni kama kulala na kuku aliyefungwa mguu. Ukimya sikuwahi kuuzoea, na kwa miaka mingi sikulazimika, kwa sababu ukuta mmoja na mgahawa palikuwa na duka la khanga na korosho, na ndani yake alikuwamo Myao wa Tunduru, mtani wangu. Asubuhi, kabla sijawasha jiko, alikuwa ameshanifikia kupitia matofali ya matundu yaliyo juu ya ukuta.

"Mngoni! Umeamka au umekufa? Kama umekufa sema, nije nichukue masufuria!"

"Nimeamka, nakupikia sumu!"

Wateja wa asubuhi walicheka mpaka chai ikawapalia. Wageni wasiotujua walidhani tunagombana, na mmoja aliwahi kusimama kutaka kutuamua.

Kisha mama yake akaugua. Walimleta kutoka Tunduru awe karibu na hospitali kubwa, akalazwa, akaruhusiwa, akawekwa kwenye chumba cha nyuma ya duka. Nilikuwa nampelekea uji. "Shikamoo mama." "Marahaba," anaitikia kwa sauti ya chini, halafu ananiuliza kama aliyepika uji huo alinawa mikono. Nilimpenda sana kwa swali lile. Lakini binti yake, mtani wangu, alinyamaza. Mgonjwa alihitaji kupumzika, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Siku moja aliniambia, bila utani hata chembe, kwamba kaka yake ameshampatia fremu ya duka kule Tunduru, na kwamba kinachomweka Songea ni mama na hospitali tu.

"Akipona, tunarudi wote. Asipopona, narudi peke yangu."

Nikasema sawa. Nikaingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Niliogopa, na sioni haya kulisema. Watoto wangu wana maisha yao mbali, mume yuko kaburini. Mtu aliyebaki kunijua vizuri ni yule aliyekuwa ananitukana kila asubuhi, naye alikuwa njiani kuondoka.

Kwa kuwa siwezi kuogopa nikiwa nimekaa, nikageukia muziki. Kabla ya hapo nilikuwa naunganisha simu yangu kwenye spika. Simu ikipigwa, mgahawa mzima unasikia mlio, na siku moja wateja walimsikia dada yangu akimchambua mumewe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Tena alishapita bwana mmoja wa mambo ya hakimiliki, akanieleza kwamba muziki wa kwenye simu ni wa kusikiliza nyumbani, biashara ina huduma yake. Basi nikampata fundi wa Dar es Salaam, akanitumia mtambo wake kwa basi.

Nilitegemea kitu chenye taa na vitufe. Kilichotoka kwenye boksi ni kisanduku cheusi kisichozidi kipande cha sabuni ya mche. Kina tundu la umeme, tundu la waya wa mtandao, na matundu ya kwenda kwenye amplifaya. Hakuna cha kubonyeza, hakuna cha kuzungusha.

"Kinawashwa wapi?" nilimuuliza fundi kwenye simu.

"Hakiwashwi, mama. Ukikichomeka, kimewaka."

"Na kuzima?"

"Kwenye simu yako. Kimetengenezwa hivyo makusudi, wahudumu wasikichezee."

Sikulala vizuri kwa sababu ya kisanduku hicho. Ruta ya mtandao ilikuwa kaunta na amplifaya ilikuwa stoo, kwa hiyo waya ulipanda darini, ukashuka, ukawa mfupi, nikanunua mwingine, huku mpishi wangu akiishikilia ngazi na kuniombea kwa watakatifu wote. Mwisho namba za kukisajili zikakubali, na spika zikatoa sauti: ukumbini, jikoni na barazani. Kwenye simu kila sehemu ilikuwa na mstari wake wa sauti wa kupandisha na kushusha, na chini yake ratiba. Nilipanga nyimbo za dini asubuhi, za taratibu mchana, na dansi jioni ya kuwaita watu wanaotoka kazini. Kesho yake nikaipangua. Ratiba ile niliibadilisha mara nyingi kuliko nilivyobadilisha mafuta ya kukaangia, na hilo naomba lisiwafikie wateja.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukaidi wake. Kinaweka akiba ya nyimbo tumboni, kwa hiyo mtandao ukikatika chenyewe kinaendelea. Umeme ukikatika na kurudi, kinaanza bila kuombwa. Fundi alinishauri nikifungie kwenye kabati la chuma, nami nikafanya hivyo, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga, mahali ninapotunza kila kitu changu cha maana.

Mgahawa ukajaa muziki, wateja wakasifu. Mimi bado nilikuwa natega sikio ukutani kila wimbo ulipoisha, kabla mwingine haujaanza. Upande wa pili palikuwa kimya.

Mama yule alifariki alfajiri moja ya kiangazi. Mtaani kwetu msiba ukitokea, muziki wa jirani wote unazimwa. Saluni inanyamaza, baa inanyamaza, hata fundi cherehani anafunga redio. Nami nikashusha mistari yote ya sauti mpaka chini, nikafunga mgahawa, nikakimbia nyumbani Matogoro kubadili khanga, nikarudi kupika na wanawake wenzangu. Mchana umeme ukakatika. Sikujali, kwani tulikuwa tunapikia kuni.

Jamaa zake wakafika kutoka Tunduru, na pamoja nao shangazi yake mmoja wa Namasakata, mama mwenye mdomo. Alipomaliza kulia alijifuta, akatazama huku na huku.

"Hivi msiba huu hauna mtani?"

"Yupo," mwanamke mmoja akanionyesha kwa kidevu.

"Yule? Mbona analia kuliko sisi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtani ana kazi msibani: amwige marehemu, adai vitu vyake, awachokoze wafiwa mpaka wacheke, kwa sababu mtu akishacheka anaweza kula. Miaka yote ile nilikuwa namtukana rafiki yangu bila sababu, na siku ilipokuwa wajibu wangu nilikosa hata neno moja. Yeye alikuwa amekaa ameegemea ukuta wetu, macho makavu. Tangu alfajiri hakuwa amelia, hakuwa amekula wala kusema. Kila nilipomtazama niliona amekwisha kuondoka Songea, bado mwili tu.

Baada ya sala ya alasiri wanaume walibeba jeneza kwenda makaburini. Wanawake tukabaki kwenye mikeka, kimya kabisa. Hapo ndipo umeme uliporudi.

Kumbe kisanduku kile, umeme ukirudi, hakikumbuki ulichokiambia kwa kidole asubuhi. Kinakumbuka ratiba. Na ratiba ya saa ile niliiandikia dansi, sauti ya juu, spika ya barazani ikiwa ya kwanza. Magitaa yakamwagika kupitia matundu ya ukuta juu ya vichwa vya wafiwa, ngoma zikafuata, na mwanaume mmoja mwenye sauti nyororo akaanza kumbembeleza mpenzi wake.

Nikatoa simu: kifaa hakipatikani. Ruta ilikuwa bado inaamka, lakini kisanduku hakikuwa na haja nayo, kilikuwa kinakula akiba yake. Ufunguo wa kabati? Kwenye pindo la khanga niliyoivua Matogoro. Nikampa mpishi ufunguo wa mlango na kumwambia akazime swichi kuu, halafu mimi mwenyewe nikainuka kumfuata, nikiruka miguu ya watu, nikiomba radhi kushoto na kulia. Shangazi wa Namasakata akaidaka khanga yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzima, shangazi. Nisameheni, ni kile kisanduku, hakina kitufe..."

"Mwache," ilisema sauti kutoka ukutani.

Rafiki yangu alikuwa ameinua uso. Pembe ya mdomo wake ilikuwa inatetemeka.

"Mwache, shangazi. Ndiye mtani. Amechelewa tu kuanza."

"Ala!" Shangazi akapiga makofi. "Mngoni wewe! Babu zako walikuja kutupora, na wewe unakuja kutuchezesha dansi tukiwa na kilio! Faini! Asitoke huyu!"

Ningeweza kusema ukweli. Sikuusema. Nikaichukua fimbo ya marehemu iliyokuwa kwenye kona, nikapinda mgongo, nikajikokota katikati ya mikeka kwa kufuata magitaa yale yale, nikasimama mbele ya bakuli la uji na kuuliza kwa sauti yake ya chini: "Aliyepika huu, alinawa mikono?"

Chumba kililipuka. Nikaenda kulala kwenye godoro la marehemu, nikatangaza kwamba aliniachia mimi, na kwamba Wayao wanaotaka kulia wakalie nje wasinilowanishie urithi. Walinivuta miguu, wakanimwagia maji, wakanifunga kwa kamba ya ukindu, na sauti ya kucheka kwa rafiki yangu ikawa juu ya zote, ile ile ya asubuhi zetu. Kisha kicheko kikavunjika, akalia kilio ambacho kilikuwa kimemkaa kifuani tangu alfajiri. Sijui mpishi alizima swichi wakati gani. Nilipotulia, muziki haukuwapo, na shangazi alikuwa anamlisha ugali kwa mkono wake.

Nilidhani kicheko kile kitambakiza. Nilikuwa na hakika kabisa, mjinga mimi. Baada ya hitima alifunga khanga zake kwenye marobota, akakabidhi fremu kwa mwenye nyumba. Nilimsaidia kufunga huku nikiwa nimekasirika, nikikaza kamba kana kwamba zimenikosea. Hakunilaumu. Alipopanda basi alichungulia dirishani akaniambia nipunguze chumvi kwenye maharage. Basi likaondoka, nikarudi, nikagombana na mpishi, nikagombana na muuza mkaa.

Alikuja mpangaji mpya, bwana mpole wa vifaa vya ujenzi. Sina neno baya juu yake, na hilo ndilo tatizo.

Msimu wa korosho ulipokwisha alinipigia. "Mngoni, duka la huku limepoa kama kaburi. Hicho kichawi chako kinafika Tunduru?"

Nilikwenda mwenyewe na kisanduku cha pili kwenye pochi. Safari hii sikumhitaji fundi. Nilichomeka waya, nikapanda juu ya robota la khanga kufunga spika, na kwenye simu nikaongeza tawi: Tunduru. Tulizozana nani ashike nini, tukafikia kwamba nyimbo nitachagua mimi kwa ajili ya maduka yote mawili, na sauti ya dukani kwake ataiongoza yeye kwenye simu yake. Siku za mwanzo alinipigia kila nilipobadilisha wimbo, kunieleza nilivyo mshamba. Halafu simu zikapungua. Halafu zikakoma. Nikipiga, yuko na wateja. Nikipiga tena, kaka yake anapokea, anasema hajambo, atapiga. Mstari wa sauti wa Tunduru nikauona umeshuka mpaka chini, ukakaa huko siku baada ya siku. Nilijiambia ameuchoka muziki. Nilijiambia pia mambo mengine mabaya zaidi, kwa sababu mimi nikianza sijui kukoma.

Jana asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nilipekua mpaka nikapata ngoma ya lizombe, ya Wangoni kabisa, ile ya kukanyaga ardhi mpaka vumbi lipande, nikaiweka kwenye matawi yote mawili katika saa ambayo najua duka lake limejaa Wayao wenzake. Kisha nikasimama kaunta na simu mkononi. Hapa kwangu ngoma ikaanza, wateja wakageuka. Tunduru mstari ulikuwa chini kabisa, haujitikisi. Maandazi yakaungua, nikayasikia yakiungua, sikwenda.

Ngoma ilipofika katikati, mstari wa Tunduru ukasogea. Ulipanda kidogo, ukasita, ukapanda tena, polepole, kama unavyopanda mtu anapousukuma kwa kidole gumba huku akitazama kitu kingine, ukafika juu mwisho kabisa na kubaki pale. Simu haikuita, wala ujumbe haukuja. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuyafuta.

Mteja mmoja akauliza chai yake iko wapi. Nikamwambia asubiri, bado naongea na mtu.