Lenzi Niliyotaka Iondoke

Kabla mnunuzi hajafika kwetu Kiwalani nilikuwa nimeshaamua: lenzi fupi inabaki, ndefu inaondoka. Zote ni za zamani, za kuzungusha kwa mkono mpaka sura itulie. Ile fupi naipenda kwa sababu inanilazimisha kumsogelea mtu, naye ananiona. Mie hupiga picha harusini upande wa wanawake, na huko kuonekana ndiyo heshima yenyewe.

Ile ndefu iliniponza. Siku moja, nikiwa mlangoni, nilimpiga picha mama wa bibi harusi akicheka, mtandio umemwangukia begani. Alipoiona picha alisema neno moja tu: "Futa." Nikafuta mbele yake. Hakuniamini, na nyumba ile haikuniita tena.

Mnunuzi, bwana mmoja mpole aliyetoka Goba, aliifunga lenzi ndefu kwenye kamera yake, akasogea dirishani kuijaribu. Akazungusha taratibu, akatulia, akatabasamu.

"Kali sana hii, sista. Naona mpaka meno ya kitana."

Damu ilinichemka. Dirisha lile linatazama uani kwa jirani yangu, na saa hizo alikuwa anasukwa nywele, kichwa wazi. Nikaziba kioo cha lenzi kwa kiganja.

"Hii siuzi."

"Si ndiyo uliyoitangaza?"

"Nimesema siuzi!"

Lakini alikuwa ametoka mbali, nikaona haya kumrudisha mikono mitupu. Nikampa ile fupi.

Jumamosi ile nilikuwa na harusi, na lenzi pekee niliyobaki nayo ilikuwa hiyo ndefu.